Kasha la Bogna

Droo tuliing'oa kwenye kabati la jikoni,
bado ilinuka shibiti na siki.
Nikatoboa matundu sita ya vitelezo;
la saba likaenda upogo
kwa sababu keekee niliiazima kwa Zenon
na Zenon hatunzi kitu.
Mle ndani: kibao cha kuchorea cha mtumba,
fimbo ya mchezo wa ndege za kivita, imevunjika shingo,
waya wa kengele ya mlango,
na gundi ya moto iliyoniachia lengelenge kidoleni.
Hilo ndilo kasha.
Mmoja achore, mwingine asogeze,
projekta itupe vyote ukutani papo hapo,
bila kurekodi, bila kuhifadhi.
Ukikosea, mtaa mzima umeona.

Bogna ndiye wa kuchora.
Miaka ishirini na sita alibuni maua ya vitambaa
katika kiwanda ambacho sasa kinauza viatu na piza.
Maua yake yaliishi kwenye mapazia ya watu asiowajua,
yakapigwa jua, yakapauka, yakaishia kudeki sakafu.
Kisha kiharusi kikampitia,
kikamwachia mkono wa kulia unaotetemeka,
kidogo tu, kama kifuniko cha birika
maji yakikaribia kuchemka.

Mimi ni fundi wa printa. Programu nilijifunza usiku,
kwa kubahatisha na kahawa iliyopoa.
Wiki tatu nilipigana na ucheleweshaji:
kalamu imefika, mstari ungali njiani,
unaburura miguu kama mtoto asiyetaka shule.
Nikapunguza hapa, nikakata pale,
mpaka mstari ukaing'ang'ania ncha ya kalamu
kama kupe na mkia wa ng'ombe.

Nikafurahi. Furaha ikanipa kiburi.
Bila kumuuliza nikaandika kichujio,
mistari arobaini ya msimbo,
kila mtetemo wake kinaumeza
na kutema mkunjo laini, safi, kama wa zamani.

Alichora jani. Akalitazama.
Akachora la pili, akaweka kalamu chini.
"Hili la nani?"
Nikasema, lako.
"Langu halina adabu namna hii.
Kunyoosha ni kazi ya pasi, kijana.
Nirudishie mtetemo wangu."

Nikafuta mstari mmoja mmoja, wote arobaini.
Hapana, nasema uongo: kwa kitufe kimoja.
Ila kukibonyeza kulichukua muda.

Jumamosi ya Februari, saa mbili usiku,
uani, nyuma ya jengo letu la Mtaa wa Wólczańska,
mbele ya ukuta usio na dirisha hata moja:
watu kumi na wanane na mbwa.
Projekta iko juu ya meza ya kupigia pasi
(Bogna aliichagua, akacheka peke yake),
imevikwa mfuko wa nailoni,
tundu la mbele la jicho, la nyuma la kupumulia.
Kalina wa ghorofa ya tatu, miaka kumi na mmoja,
ameshika vitelezo, ulimi nje.

Theluji ikaanza. Hatukuiagiza.
Ilipita kwenye mwanga kabla mchoro haujafika ukutani,
kila chembe ikanyakua kipande cha mstari
ikaanguka nacho.
Zenon akanong'ona, tuzime.
Hakuna aliyezima.

Bogna akaanza na shina. Shina likatetemeka.
Akaongeza nyasi, nazo vivyo hivyo,
na uani hapakuwa na upepo,
moshi wa dohani ulipanda wima kama uzi.
Kalina akasukuma kitelezo cha tatu,
shamba zima likapanda matofali hadi ghorofa ya nne.
Mtu akasema "Oo," kisha akaona haya.

Cha saba, kile cha upogo, ndicho cha kufutia.
Kalina alipokisukuma mwishoni kikakwama katikati.
Juu, giza. Chini, nyasi zimebaki,
nusu ukuta, zikipungua rangi bila kuisha.
Nikainuka kwenda kukichokonoa.
"Kiache," akasema Bogna.

Alikuwa ametia mkono mfukoni kwa baridi.
Nikaona koti, pale ubavuni,
likiendelea kuchora.